Ni Nani Tunayemsadiki?

Katika nyumba nyingi za Wakristu siku hizi hukaa chini ya paa moja watu wawili wasioelewana. Mmoja ni kijana aliyesoma, ambaye akisikia habari za dini huuliza, "Nani ameyaona hayo?" na asipopewa jibu la kumtosha huacha kwenda Misa. Mwingine ni ndugu, pengine dada au shangazi, asiyeuliza kitu. Akisikia kwamba mahali fulani ametokea nabii, hufunga safari. Akipata katika simu yake ujumbe unaosemekana kutoka kwa Bikira Maria, huupeleka kwa jamaa wote kabla jua halijatua. Wazazi humsikitikia wa kwanza na kumsifu wa pili, wakisema kwamba huyu walau ana imani. Sisi twaona kwamba wote wawili wapaswa kuulizwa swali lile lile: ni nani unayemsadiki?

Maana imani ya Kikristu si kupenda mambo ya ajabu, wala si kukata shauri pasipo sababu. Ni kulipokea neno la Mungu kwa kuwa ni Yeye aliyelinena. Anayelikataa neno hilo amkosea Mungu. Na anayelipa neno la mwanadamu heshima iliyo haki ya neno la Mungu, huyo naye amkosea Mungu yule yule. Tungependa, ndugu wasomaji, kuyapima mambo hayo mawili pamoja nanyi.

Tuanze na huyo asemaye kwamba mtu mwenye akili hukubali yale tu aliyoyaona kwa macho yake. Mtu wa namna hiyo hajazaliwa bado. Hakuna hata mmoja wetu akumbukaye siku aliyozaliwa. Tarehe yake aliambiwa na mama, au aliisoma katika cheti kilichoandikwa na mwingine. Mgonjwa humeza kidonge asichojua kimefanywa kwa nini, kwa kuwa daktari amemwambia kitamfaa. Hakimu hakuwako shambani usiku wa wizi, na hata hivyo hukata kesi, akamfunga mtu au akamwachilia, kwa maneno ya waliokuwako. Tukiyaondoa yote tuliyoyapokea kwa neno la wengine, elimu itakayosalia haitatosha hata kutufikisha sokoni na kuturudisha.

Basi kupokea ushuhuda si aibu ya akili. Kazi ya akili ni kumpima shahidi. Hakimu mwema humpima kwa mambo mawili: je, huyu ayajua anayoyasema? Na je, ni mtu wa kweli? Aliyeona gizani hukosa la kwanza. Aliyekula rushwa hukosa la pili. Sisi wanadamu, hata tulio wema, twaweza kukosa moja au yote mawili. Mungu peke yake hawezi kukosa hata moja. Hadanganyiki, kwa kuwa ajua yote. Hadanganyi, kwa kuwa ndiye ukweli wenyewe. Sababu hiyo ndiyo iliyotiwa ndani ya Sala ya Imani, ambayo watoto wetu hujifunza kwa moyo tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Wengi huisema mbio mbio pasipo kutambua kwamba ndani yake mna jibu la swali ambalo vijana huliuliza baadaye: mwasadiki kwa sababu gani?

Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulilifundisha jambo hilo mwaka 1870. Twasadiki, ulisema, si kwa kuwa akili yetu imeyaona mafumbo hayo kwa ndani, bali kwa mamlaka ya Mungu anayeyafunua. Lakini Mtaguso ulifundisha vilevile kwamba Mungu hakutaka tusadiki kama vipofu. Alitupatia alama za nje, kama miujiza na utabiri wa manabii, ili utii wetu upatane na akili aliyotuumbia. Tena kusadiki kwenyewe ni kipaji cha neema. Hoja njema humfikisha mtu mlangoni. Kuingia ni tendo la moyo unaosaidiwa na Mungu. Ndiyo sababu watu wawili waweza kuzisikia hoja zile zile, mmoja akasadiki na mwenziwe akabaki nje.

Sasa tuangalie kukataa. Kukataa ushuhuda si sawa na kutojua. Jirani akikuambia kwamba amemwona ng'ombe wako mtoni, nawe ukajibu, "Labda umemfananisha," hujamtukana. Mtu aweza kufananisha. Walakini ikiwa mwenye kusema ni yule asiyeweza kukosea wala kudanganya, udhuru huo haupo tena. Mtume Yohane aliliona hilo waziwazi. Katika sura ya 5 ya barua yake ya kwanza akumbusha kwamba sisi huupokea ushuhuda wa wanadamu, na ule wa Mungu ni mkubwa kuliko huo. Kisha asema pasipo kuficha kwamba asiyeusadiki amemfanya Mungu kuwa mwongo. Ni neno zito. Halisemwi juu ya jambo la akili peke yake, bali juu ya namna mtu anavyokaa mbele ya Yule aliyemwumba.

Kwa kuwa neno hilo ni zito, tusilitumie ovyo. Si kila asiyesadiki amemkataa Mungu. Yuko ambaye hakuhubiriwa kamwe. Yuko anayetafuta kwa moyo mnyofu, naye angali njiani. Tena yuko aliyeletewa neno la Mungu na kinywa kilichooza: amefundishwa upendo na mtu katili, au usafi na mtu aliyemdhulumu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1964 kwamba wasioijua Injili pasipo kosa lao, nao wamtafuta Mungu kwa moyo safi, waweza kuupata wokovu. Mwaka uliofuata ulikiri kwamba waumini wenyewe waweza kuwa na sehemu katika kuzaliwa kwa ukana-Mungu, kwa mafundisho mabaya na kwa mwenendo unaouficha uso wa kweli wa Mungu. Kabla ya kumwambia kijana kwamba anamfanya Mungu kuwa mwongo, yatupasa kwanza tujiulize kama si sisi tuliomletea uwongo.

Mtume Tomaso hutajwa sana katika habari hii, na mara nyingi hutajwa vibaya, kana kwamba kosa lake lilikuwa kuuliza. Kosa lake lilikuwa kwamba alikuwa na mashahidi wa kutosha asiwapokee. Waliomwambia ya kuwa wamemwona Bwana hawakuwa wapita njia; walikuwa wenziwe aliotembea nao, akala nao, akawajua udhaifu wao na ukweli wao. Hata hivyo aliweka sharti lake mwenyewe: asipogusa hatasadiki. Bwana wetu hakumfukuza. Alimjia baada ya siku nane, akampa alichokitaka, kisha akawaita heri wale watakaosadiki pasipo kuona. Sisi ndio hao. Na tazameni, Tomaso alipokuwa akikataa hakuondoka. Alikuwamo chumbani pamoja na wenziwe. Kijana mwenye mashaka naye asifukuzwe chumbani.

Mpaka hapa tumesema juu ya yule anayekataa. Tumwangalie sasa ndugu yake asiyeuliza kitu.

Mungu amependa ushuhuda wake utufikie kwa njia ya watu: manabii, Mitume, Kanisa. Hakutuandikia maneno angani. Na kwa kuwa wajumbe ni watu, mwizi naye aweza kupita katika mlango huo huo. Yeyote mwenye sauti na ujasiri aweza kusimama na kusema, "Mungu ameniambia." Afrika Mashariki imekwisha kulipa deni kubwa kwa neno hilo. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliteketea kwa moto ndani ya jengo lililofungwa, na baadaye ikafukuliwa maiti mingine mingi katika makao ya kundi lao. Viongozi wao walidai kwamba Bikira Maria huwatokea na kuwapa amri, nao walikuwa wametangaza mwisho wa dunia. Wengi wa wafuasi hao walikuwa Wakatoliki, watu wa rozari na mifungo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola karibu na Malindi, nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na watoto wakiwamo. Wengi walionekana kuwa wamekufa kwa njaa, baada ya kuhubiriwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kumfikia Yesu.

Tusiwacheke marehemu hao. Hawakupungukiwa na utayari. Walitoa mali, wakawatoa watoto wao, wakatoa uhai. Wangapi kati yetu wako tayari kwa theluthi moja ya hayo? Walichopungukiwa ni swali moja tu: "Nani amekutuma?" Nao walikuwa wamefundishwa kwamba kuliuliza ni dhambi. Hapo ndipo penye sumu yote. Wepesi wa kusadiki hauzidishi imani. Huiondoa kwa Mungu na kuitia mikononi mwa mtu.

Mtu atasema: je, Kanisa nalo halisemi kwamba Mungu amelituma? Ndiyo, lasema hivyo. Na kwa kuwa lasema hivyo, limejifunga lenyewe kwa neno lililokwisha kutolewa. Mt. Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba hata yeye mwenyewe, hata malaika wa mbinguni, akileta injili nyingine isiyo ile waliyoipokea, asikubaliwe. Hati ya Mtaguso juu ya Ufunuo, iliyotolewa tarehe 18 Novemba 1965, yafundisha kwamba hautazamiwi ufunuo mwingine wa hadhara kabla ya kuja kwake Kristu katika utukufu. Mungu amesema yote katika Mwanae. Papa, askofu na padre ni watunzaji wa neno hilo, wala hawana ruhusa ya kulitungia jipya.

Tukitaka kuona jinsi Kanisa linavyopima, tutazame Kibeho, nchini Rwanda. Tarehe 28 Novemba 1981 msichana wa shule, Alphonsine Mumureke, alisema kwamba ametokewa na Bikira Maria. Wenziwe wengi hawakumsadiki. Walimdhihaki na kumjaribu, na Marie Claire Mukangango, ambaye baadaye alisema kwamba ametokewa pia, alikuwa kwanza miongoni mwa waliompinga. Askofu wa Butare hakukimbilia kupiga kengele. Mwaka 1982 aliunda tume mbili, moja ya waganga na moja ya wanateolojia. Watu wengine wengi nao walitokea wakidai kuona mambo. Hukumu ilitolewa na Askofu Augustin Misago wa Gikongoro tarehe 29 Juni 2001, karibu miaka 20 baada ya siku ile ya kwanza; na kati ya wote waliodai, alikubali habari za wasichana watatu tu. Hata baada ya hukumu hiyo, Mkatoliki hafungwi kuyasadiki ya Kibeho kama anavyofungwa kusadiki Kanuni ya Imani. Ni msaada kwa anayesaidika. Mwezi wa Mei 2024 Roma ilitoa taratibu mpya za kuyachunguza mambo ya namna hiyo, na kwa desturi askofu hatangazi tena kwamba jambo fulani kwa hakika limetoka mbinguni. Husema tu kwamba halina kizuizi, au kwamba lina hatari. Ndivyo linavyokwenda Kanisa linalomwogopa Mungu: polepole, likiuliza.

Kutokana na hayo twaweza kupata vipimo vitatu ambavyo hata mama asiyesoma sana aweza kuvitumia nyumbani kwake. Cha kwanza: je, anenaye kwa jina la Mungu aafikiana na Imani tuliyoipokea, au aleta jingine? Cha pili: je, akubali kuulizwa? Bwana wetu mwenyewe aliwaambia waliompinga kwamba, wasipomsadiki Yeye, wayasadiki matendo yake. Ikiwa Mwana wa Mungu alikubali kupimwa, nabii anayekataza maswali ni nani? Cha tatu: je, gharama ya ushuhuda wake hulipwa na nani?

Kipimo hiki cha tatu kimo ndani ya lugha yetu. Neno shahidi kwa Kiswahili lina maana mbili: mtu anayesimama barazani kueleza aliyoyajua, na mtu aliyekufa kwa ajili ya imani yake. Wagiriki nao walikuwa na neno moja kwa hao wawili. Shahidi wa kweli hulipa mwenyewe. Shahidi wa uwongo huwalipisha wengine.

Uganda ile ile yatuonyesha yote mawili. Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, vijana waliohudumu katika jumba la Kabaka Mwanga walichomwa moto, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Namugongo moto, na Kanungu moto. Lakini mioto hiyo miwili haifanani. Karoli Lwanga, kiongozi wa Wakatoliki wale, hakumsukuma mtu mbele yake. Alitengwa na wenziwe akachomwa wa kwanza. Hawakuutafuta mauti. Kila mmoja alikuwa na njia ya kuponea: kusema neno moja tu la kukana. Mbaga Tuzinde alikuwa wa ukoo wa Mukajanga, mkuu wa wauaji, ambaye alimsihi akubali afichwe, naye akakataa. Hakuna aliyefungiwa mlango na nabii.

Wala hawakuwa watu wepesi wa kudanganywa. Mapadre Weupe walifika Buganda mwaka 1879, wakakuta barazani kwa Kabaka Mutesa Waislamu na Waprotestanti, na kila upande ukishindana kwa hoja mbele ya wakuu, mara nyingi kwa Kiswahili. Vijana hao walisikia shuhuda zinazopingana, wakapata kulinganisha. Kardinali Lavigerie alikuwa ameamuru kwamba watakaobatizwa wafundishwe kwa miaka minne. Mwaka 1882 mapadre waliondoka, wasirudi hadi 1885. Na katika miaka hiyo pasipo padre Wakristu hawakutawanyika, bali waliongezeka. Imani iliyokuwa kwa mapadre ingaliondoka pamoja nao. Iliyobaki ilikuwa kwa Mungu. Papa Paulo VI alipowatangaza 22 kati yao kuwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964, dunia nzima ilipata kuwajua mashahidi hao kwa maana zote mbili za neno.

Basi wazazi wafanye nini? Kwanza, mtoto akiuliza, ajibiwe. Swali halivunji imani, kofi huivunja. Mzazi asiyejua jibu amwendee katekista au padre, na mtoto aone kwamba baba yake naye hujifunza. Pili, tusilitumie jina la Mungu kama fimbo. Mama anayemwambia mtoto kwamba Mungu atamwua kwa kuvunja kikombe amesema kwa niaba ya Mungu jambo ambalo Mungu hakulisema. Mtoto akikua aweza kushika njia mojawapo ya mbili: agundue kwamba alidanganywa, ayatupe yote pamoja na kikombe, au asigundue, na maisha yake yote amwogope kila mtu anayepaza sauti akilitaja jina hilo. Kumbe yule kijana asiyesadiki na yule ndugu anayesadiki kila kitu waweza kuwa wametoka jikoni mamoja. Tatu, ujumbe ukija kwa simu ukitishia balaa kwa asiyeusambaza kwa watu kumi, ufutwe. Bikira Maria hawatishi watu kwa simu. Amri ya pili ya Mungu yakataza kulitaja bure jina lake, na kulitia jina hilo chini ya maneno yetu ndiko kulitaja bure kubaya kupita kote.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee. Lakini Kanungu na Shakahola zimetuonyesha kwamba hata njia fupi yaweza kuwa na makaburi mengi kandoni. Ndiyo sababu twasema kwamba kuuliza ni sehemu ya kusadiki. Mke ampendaye mumewe huijua sauti yake, hata mtu mwingine akibisha hodi usiku hamfungulii. Vivyo hivyo anayemsadiki Mungu hujifunza sauti yake katika Injili, katika sala, katika mafundisho ya Kanisa na katika maisha ya watakatifu. Na kwa kuijua, huwa mgumu kwa wageni na mwepesi kwa Bwana wake.

Jumapili ijayo, baada ya mahubiri, tutasimama sote na kusema "Nasadiki". Kijana wa nyumbani mwetu akisimama kimya, tumwombee wala tusimwaibishe. Huenda kimya chake kina ukweli kuliko sauti za wengine. Na sisi tunaoitamka Kanuni ya Imani tuitamke taratibu safari hii, tukifikiri ni kwa neno la nani tunasimama, na kama majirani zetu, wakitutazama kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, watamwona huyo kuwa ni wa kweli.